Ng'ombe wa Heru Mgongoni mwa Kiti

Baba alikigeuza kiti mara mbili, akapitisha kidole gumba juu ya ng'ombe niliyemchonga, kisha akakirudisha chini taratibu.

"Mwanangu, huyu umemtoa wapi? Nundu haipo, na pembe fupi kama za mbuzi. Hapa kwetu hatujafuga ng'ombe wa namna hii."

Alisema kweli. Ng'ombe yule nilimnunua mtandaoni akiwa tayari, mchoro wa kompyuta uliotengenezwa na mtu wa mbali aliyetazama ng'ombe wa kwao. Mashine ilimchonga kwa usafi, hadi vinyweleo vya mkia. Ila alikuwa mgeni, na mimi ndiye niliyemkaribisha.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Heru Juu, wilayani Kasulu. Kilima chetu kilikuwa makao ya Mwami wa Heru, na wazee bado wanamtaja Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala mwaka 1946, miaka 17 kabla ya uchifu kufutwa na serikali mwaka 1963. Katika Buha ya zamani, nchi yetu sisi Waha, ng'ombe wa pembe ndefu alifunga watu pamoja. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na aliyepokea akawa mtu wake, akimlipa kwa utumishi. Ukimweka ng'ombe huyo kwenye kiti cha Muha, umeweka jambo ambalo mwenye nyumba analisoma. Ndiyo maana maneno ya baba yaliniuma, na ndiyo maana nilianza upya.

Kwanza niieleze mashine yenyewe, kwa sababu wengi wanaosikia jina lake, CNC, hudhani inajua kuchonga. Ichukue rauta ya mkono, ile ambayo kila fundi milango anaifahamu. Iondoe mkononi, uifunge kwenye reli tatu: moja inakwenda kushoto na kulia, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Kila reli ina mota yake, na kompyuta inazipa mota hizo namba: nenda hapa, shuka milimita tatu, tembea hadi pale. Biti inazunguka mara 18,000 hadi 24,000 kwa dakika na kula mti mahali ilipoelekezwa. Mnyama huingizwa kwa picha ya vivuli: palipo peupe ni juu, palipo peusi ni chini, na kijivu ni katikati. Mashine haioni ng'ombe. Inaona vimo tu.

Asili yake inanifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani John Parsons wa jimbo la Michigan alikuwa akihangaika na mapanga ya helikopta, ambayo umbo lake limepinda kiasi kwamba mkono ulishindwa kulifuata kwa usahihi uliotakiwa. Akaanza kuhesabu vimo vya nukta nyingi za umbo hilo na kuchonga kwa kufuata namba. Mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha hadharani mashine ya kwanza ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba. Kwa hiyo uso uliopinda ndio ulioizaa mashine hii, na mpaka leo ndio unaomwaibisha fundi mwenye haraka.

Mimi uliniaibisha Dar es Salaam, nilipokuwa kibarua kwenye karakana ya samani. Niliachiwa mgongo wa kiti wa mninga, upana milimita 480, unene 25, umepinda ili umkumbatie anayekaa. Mnyama alitakiwa kukaa upande wa nyuma, ule uliobinuka, katika eneo la milimita 300 kwa 120. Nikaigusisha biti kwenye ukingo wa eneo hilo, nikaiambia mashine kwamba hapo ndipo sifuri, nikawasha. Mchoro wangu ulikuwa wa ubao ulionyooka. Mbao ilikuwa imeinuka milimita 14 katikati kuliko pembeni, na mashine haikuwa na habari. Ikatembea kwenye mstari wake wa kwanza kama ilivyoagizwa, ikazama ndani ya mlima ule, moshi ukatoka, biti ikakatika kwa mlio ambao bado naukumbuka. Ningeweka sifuri katikati, pembeni ingechonga hewa.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla ya kuchonga chochote, naipima mbao yenyewe iliyo mezani, hata kama nina mchoro wake, kwa sababu mninga uliokatwa kwa bendiso na kupigwa randa haulingani kabisa na karatasi. Natumia kichwa cha kugusa, kifaa kidogo kinachoshuka polepole, kikigusa mti kinaandika kimo chake. Nagusa kila baada ya milimita 20, nukta 16 kwa upana na 7 kwa kimo, jumla nukta 112. Kompyuta inaziunganisha na kupata sura halisi ya mbao ile, kisha inamlaza mnyama juu yake kama mama anavyomfunika mtoto shuka. Kila kimo cha ng'ombe kinajumlishwa na kimo cha mbao chini yake.

Halafu kuna kitanda. Mbao iliyopinda ikilazwa kwenye meza bapa inaning'inia, na kinachoning'inia kinatetemeka, na kinachotetemeka kinachanika nyuzi. Kwa hiyo mashine hiyohiyo inachonga kwanza ubao wa bei rahisi kwa mbonyeo unaolingana na mpindo wa kiti, na mgongo wa kiti unalala humo kama yai kwenye kiota, umebanwa kwa klampu.

Mkato wa kwanza ni wa biti nene, kupunguza nyama. Wa mwisho ni wa biti yenye ncha ya duara, upana milimita 6, ikisogea nusu milimita kila mstari. Fanya hesabu: mistari 240, kila mmoja milimita 300, biti inatembea mita 72 juu ya ng'ombe mmoja. Kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika, hiyo ni dakika 48, na umeme usikatike. Kabla ya mwaka 2022, mkoa wetu ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa, tulitegemea jenereta za dizeli, na kazi ya namna hii nisingethubutu kuianza Kasulu.

Basi nikarudi kwa baba asubuhi moja, nikamwamkia "Mwakeye," nikamwomba anionyeshe ng'ombe. Hakuuliza sababu. Tulisimama zizini, akaanza kumpima jike mwekundu kwa shubiri. Toka begani hadi mwisho wa kiuno, shubiri sita. Pembe, kufuata mpindo wake toka kwenye shina hadi ncha, shubiri tatu. "Andika," aliniambia. "Pembe ni nusu ya mgongo. Halafu tazama, haziendi juu moja kwa moja. Zinatoka nje kwanza, ndipo zinakumbuka kupanda." Nikaandika yote kwenye daftari, na usiku nikamchora kwenye kompyuta kwa vipimo vile.

Jambo moja mashine yangu haiwezi. Biti inashuka kutoka juu tu, kwa hiyo haifiki chini ya pembe wala chini ya tumbo; inaacha ukuta uliosimama. Hapo nazima mota, nachukua patasi ndogo iliyopinda, natoa mti chini ya pembe hadi iachane na mbao na kivuli kiingie. Huwa ni kazi ya mchana mzima, na barakoa siivui, maana vumbi la mninga linakera kifua.

Nilipompelekea baba kiti cha pili, kidole gumba chake kilianzia kiunoni, kikafuata mgongo, kikapanda shingoni na kupita kwenye nundu ndogo. Kilipofika kwenye pembe kikapita juu yake, kisha kikaingia chini, pale patasi ilipopita. Akakaa kwenye kiti.

"Huyu ni yule mwekundu," alisema.

Sasa wapo wanaotaka sokwe wa Gombe, na mmoja anataka korongo nyangumi wa mabwawa ya Moyowosi. Nitawachonga, ila nimewaomba wasubiri. Nataka kwanza niende nikawatazame wenyewe, na daftari mkononi.