Kumwandikia Mwenzio Neno la Heri

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, vijana wa kidato cha nne wa Kenya na wa Tanzania huwa katika mtihani wao wa taifa. Nchini Kenya imekuwa desturi kuwapelekea kadi za kuwatakia heri. Desturi hii ni njema, lakini yataka busara.

Kwanza, litazameni neno lenyewe. Bahati humwangukia hata aliyelala. Heri ni wema wote tumwombeao mtu, afaulu asifaulu.

Pili, usimtwike mzigo. Mzazi aandikaye, "Tumeuza ng'ombe kwa ajili yako, usituaibishe," hakumtakia mwanawe heri, bali amemdai deni. Na mtoto aliyejaa hofu husahau hata aliyoyajua.

Tatu, itaje kazi uliyoiona kwa macho yako. Baba aweza kuandika hivi: "Mwanangu, nimekuona ukidamka alfajiri kusoma. Nenda, ukajibu uyajuayo. Matokeo yawayo yote, wewe u mwana wetu, na mlango wetu u wazi."

Vivyo hivyo kwa mwenzi wa kazi apelekwaye kituo kipya, au rafiki aanzaye biashara: taja tendo lake moja jema, kisha umwombee. Maneno machache yatosha. Lakini yafike mapema, kwa maana heri ifikayo baada ya safari haimtii msafiri nguvu njiani.

Basi, ni nani wa nyumbani mwako akabiliye jambo zito mwezi huu? Twaa kalamu leo.