Alitengeneza Lipstiki Isiyotoka, Kisha Akapokonywa Jina Lake! Soma Hii Kabla Hujaanza Brandi Yako

Siku hizi kila dem ana lipstiki yake Insta. Unaagiza chupa tupu, unatafuta mse wa kukuchanganyia rangi, unabandika jina lako, unaanza kutupia picha. Fiti kabisa, hustle ni hustle. Lakini jiulize swali moja: hilo jina ni la nani? Ni lako, ni la mwenye alikupea doo ya kuanza, ama ni la yule atakayeliandikisha kabla yako?

Kama unadhani ni swali la kijinga, cheki kilichomfika Hazel Bishop.

Hazel alikuwa mkemia huko New York, Marekani. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa akifanyia kampuni ya mafuta utafiti wa petroli ya ndege. Lipstiki za enzi hizo zilikuwa noma. Zilikuwa nta na mafuta yaliyokaa tu juu ya mdomo. Ukinywa chai, rangi inabaki kwa kikombe. Ukimbusu mtu, anaenda nyumbani na ushahidi kwa shavu.

Jioni akitoka job, Hazel alikuwa anaingia jikoni kwake na kuchanganya. Alifanya majaribio zaidi ya 300. Siri yake ilikuwa kutumia rangi zinazoshika ngozi ya mdomo yenyewe, badala ya kukaa juu yake, bila kuukausha kama jangwa.

Mwaka 1950 akaileta sokoni kwa dola moja. Duka la Lord & Taylor lilimaliza stoki siku ya kwanza! Mwaka huo kampuni iliuza bidhaa za karibu dola 50,000. Kufikia 1953, mauzo yalikuwa yamepita dola milioni 10. Manze, hiyo ni kuomoka.

Sasa mbona hakufa bilionea?

Ili lipstiki ijulikane, Hazel aliungana na jamaa wa matangazo anaitwa Raymond Spector. Jamaa alijua kazi yake, hilo hatuwezi kataa. Alimwaga pesa kwa redio na TV mpaka kila nyumba ikajua jina la Hazel Bishop. Shida ni kwamba hisa nyingi za kampuni ziliishia mikononi mwake. Wakakosana, wakapelekana kortini, na 1954 mambo yakaisha kwa maelewano. Hazel akalipwa, akatoka.

Lakini kilichouma zaidi ni hiki: hakuruhusiwa tena kuuza vipodozi kwa jina lake mwenyewe. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa kampuni. Ndio, soma tena. Baadaye alifanya kazi ya kuuza hisa Wall Street, halafu akawa profesa wa mambo ya vipodozi. Aliaga 1998 akiwa na miaka 92.

Ona vile fomula haikumwokoa. Mteja haulizi ni nani alichanganya, anauliza jina. Na mwenye jina ni yule karatasi zinasema ni mwenye jina.

Kwa hivyo kama uko Kenya na una brandi, fanya hivi:

1. Andikisha alama yako KIPI. Wengi wanasajili jina la biashara kwa eCitizen wakidhani wamemaliza. Wapi! Hiyo inasema tu kuwa biashara ipo. Alama ya biashara ndiyo inakupa haki ya kumzuia mwingine kutumia jina hilo. Vipodozi viko kundi la 3. Anza kwa kutafuta kama jina limeshachukuliwa. Likikubaliwa, linatangazwa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme. Ukishapata, ni miaka 10, na unaweza kuongeza kila mara.

2. Hesabu hisa kabla ya kusaini. Mwekezaji akitaka zaidi ya nusu, jua unampa usukani. Si vibaya kuuza. Kylie Jenner aliuzia Coty asilimia 51 ya biashara yake kwa dola milioni 600. Tofauti ni kuuza ukijua unachouza.

3. Kama brandi ni jina lako, andika nini kitafanyika mkiachana. Utaenda nalo? Litabaki? Tafuta wakili akusomee, hata kama huyo mwekezaji ni beshte yako.

4. Anayekuchanganyia rangi asaini mkataba wa usiri. Fomula ikitoka, hairudi.

5. Pitia KEBS. Alama yao humwambia mteja kuwa lipstiki yako imekaguliwa. Na ukipata feki ya brandi yako Dubois Road, mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi ndiyo ya kuendea. Ukifika huko na cheti cha KIPI, una kitu cha kuwaonyesha. Bila cheti, utabaki kulia tu kwa stori zako za Insta.

Lipstiki ya kushinda siku nzima mdomoni unaweza kutengeneza jikoni, Hazel alifanya hivyo. Lakini jina la kushinda nalo miaka huandikwa kwa karatasi, na karatasi hizo hutengenezwa mapema, kama bado mnapendana na biashara haijaingiza hata ndururu.

Na wewe je, umeshaandikisha lako?