Nyasi Chotara na Wenyeji wa Tope: Jinsi Habari za Pwani Zikusanywavyo

Mtu asimamapo pwani wakati maji yamekupwa huona tope tupu, naye hudhani ya kuwa hapana kitu. Lakini wale waokotao kombe na kuchimba chambo wajua kwamba tope lile ni mji wenye wenyeji wengi. Wamo minyoo, kaa, konokono na wadudu wa jamii ya uduvi, wote wakiwa ni wanyama wasio na uti wa mgongo. Kandokando ya mji huo huota nyasi na miti ivumiliayo maji ya chumvi.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi wataalamu wachunguzavyo mambo mawili: mimea ya porini ya aina mbalimbali inayozaliana, na wanyama wakaao ndani ya tope la bahari. Tutatwaa mfano mmoja wa kweli uliotokea Uingereza, kwa kuwa mfano huo wayaunganisha yote mawili.

Kwanza, maana ya chotara. Farasi jike akipandwa na punda huzaa baghala. Baghala ana nguvu nyingi, lakini kwa kawaida hazai. Mimea nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Unga wa ua, uitwao chavua, huchukuliwa na upepo au na nyuki hata ukaangukia ua la aina nyingine iliyo karibu kwa ukoo, ikatoka mbegu iliyo chotara.

Katika pwani ya kusini ya Uingereza palikuwa na nyasi za kienyeji ziitwazo Spartina maritima. Jamaa yake, Spartina alterniflora, asili yake ni pwani ya mashariki ya Marekani. Nyasi hizo za Marekani zilifika katika ghuba ya Southampton pamoja na vyombo vya bahari, nazo zilikuwa zimekwisha kuonekana huko kabla ya mwaka 1830. Hivyo jamaa wawili waliotengwa na bahari kuu wakawa majirani katika tope moja. Mwaka 1870, karibu na kijiji cha Hythe, ikaokotwa nyasi ya namna ya tatu, ambayo baadaye ilipewa jina la Spartina townsendii. Ilikuwa kama baghala: haikutoa mbegu, bali ilienea kwa machipukizi yake tu.

Kabla ya karne ile kwisha likatokea jambo la ajabu zaidi. Ndani ya kila chembe hai ya mmea mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo ndizo zichukuazo urithi wa wazazi. Ili mmea utoe mbegu njema, hapana budi kila uzi upate mwenzi wake. Spartina maritima ina nyuzi 60, na Spartina alterniflora ina 62. Katika chotara wao nyuzi za mama na nyuzi za baba hazikulingana vema, ndiyo sababu alikuwa tasa. Kisha hesabu ya nyuzi ikaongezeka maradufu, ikawa 120 hata 124. Sasa kila uzi ukapata mwenzi, na mmea ukaanza kuzaa. Mmea huu mpya huitwa Spartina anglica. Bwana C. L. Huskins aliieleza asili yake yapata mwaka 1930, na wataalamu waliomfuata wakasahihisha hesabu ya nyuzi zake.

Watu waliipenda nyasi hiyo. Mizizi yake hulishika tope, na tope lishikwalo huinuka mwaka kwa mwaka, likawa ngao mbele ya kuta za bahari. Kwa hiyo ilipelekwa kupandwa Uholanzi, Ujerumani na New Zealand, na mwaka 1963 ikapelekwa China. Lakini penye nyasi nyingi hapana tena tope wazi, na ndege wa pwani hula wanyama wa tope wazi. Mwaka 1988 wataalamu J. D. Goss-Custard na M. E. Moser walilinganisha hesabu za ndege mdogo aitwaye dunlin katika midomo ya mito ya Uingereza. Waliona kwamba ndege hao walipungua zaidi pale ambapo nyasi zilikuwa zimeenea juu ya tope. Basi faida ya mmoja ilikuwa hasara ya mwingine.

Je, mambo kama hayo hujulikanaje? Hayajulikani kwa kukisia, bali kwa kuokota, kupima, kuhesabu na kuandika.

Tuanze na mimea. Mtafutaji hutwaa shina zima pamoja na ua lake, hulikandamiza baina ya karatasi mpaka likauke, kisha huandika mahali, tarehe, jina la mwokotaji, na hali ya ardhi. Nyasi iliyokauka bila maandishi hayo ni takataka. Yenye maandishi ni shahidi anayeweza kuulizwa hata baada ya miaka mia. Twaweza kuutaja mwaka 1870 na kijiji cha Hythe kwa sababu mtu aliokota, tena akaandika.

Kisha huja vipimo. Katika Spartina anglica, vifuko vya chavua ni virefu, yapata milimita 8 hadi 13, navyo hupasuka na kumwaga unga. Katika chotara tasa ni vifupi, wala havipasuki. Jicho la haraka huona nyasi mbili zilizofanana. Mwenye rula na kioo cha kukuzia huona tofauti.

Pengine machotara huzaa, tena huzaliana na wazazi wao, hata wakapatikana wa kila namna kati ya mzazi huyu na yule. Kwa ajili hiyo Bwana Edgar Anderson, wa bustani ya mimea ya Missouri huko Marekani, alitumia njia nyepesi ya alama, ambayo aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1949. Tuseme twachagua sifa tano za mmea. Sifa ikifanana na mzazi wa kwanza, hupewa alama 0. Ikifanana na mzazi wa pili, hupewa 2. Ikiwa katikati, hupewa 1. Jumla ya 0 ni mzazi wa kwanza, jumla ya 10 ni mzazi wa pili, na jumla zilizo kati zaonyesha uchotara. Mimea mia ikipimwa hivyo mahali pamoja, huonekana kama aina mbili zimebaki mbalimbali au zimechanganyika.

Sasa wanyama wa tope. Mchunguzi hunyosha kamba kutoka penye maji ya kujaa hata penye maji ya kupwa. Kila baada ya hatua zilizo sawa huweka chini kiunzi cha mraba, huhesabu yaliyo juu ya tope, kisha huchimba hata kina alichokiweka tangu mwanzo. Tope huoshwa katika chungio lenye matundu ya nusu milimita au milimita moja, na wanyama waliosalia hutiwa katika spiriti wasioze, na chupa ikaandikwa. Hesabu yake si ngumu. Kiunzi chenye sentimita 25 kila upande ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita mraba. Tuseme viunzi 10 vimetoa minyoo 120. Basi kwa wastani kila kiunzi kina 12, na mita mraba ina 192.

Yako mambo matatu ambayo mchunguzi hana ruhusa kuyavunja. La kwanza, asichague mahali panapompendeza. Kamba ndiyo iamuayo. La pili, pasipo mnyama aandike sifuri, wala asikisogeze kiunzi kutafuta penye wengi, kwa maana sifuri nayo ni habari. La tatu, akilinganisha penye nyasi na pasipo nyasi, pahali pote pawili pawe na kimo kimoja cha maji. Wanyama wa juu si wale wa chini, na asiyeangalia hilo ataisingizia nyasi kosa lililo la maji.

Faida ya kazi hii ilionekana katika ghuba ya San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Spartina alterniflora ilipandwa huko, ikazaliana na nyasi ya kienyeji, Spartina foliosa. Machotara wakazaa na kuenea juu ya tope wazi, na wachunguzi walipochuja tope la chini yao walikuta wanyama wachache kuliko katika tope lisilo na nyasi. Machotara wengine walifanana mno na nyasi ya kienyeji, hata jicho halikutosha, ikabidi urithi wao upimwe katika maabara. Mwaka 2000 ulianzishwa mradi wa kuwaondoa. Lakini ikaonekana ya kuwa ndege adimu wa mabwawa alikuwa amejificha na kutaga ndani ya nyasi hizo za chotara, na mahali pengine kazi ikacheleweshwa kwa ajili yake. Hata dawa ya kosa yataka kupimwa kwanza.

Mafunzo haya hayahusu Uingereza na Marekani peke yake. Katika pwani yetu, mkoko, mchu, msinzi na mlilana hulishika tope kama nyasi zile, na chini yake mna kaa na kombe wapatiao watu chakula. Mtu akitaka kupanda mahali palipo wazi, au kukata mahali palipopandwa, na ahesabu kwanza wenyeji wa tope lile. Pasipohesabiwa leo, kesho hapatakuwa na mtu awezaye kusema kilichopotea. Mwanafunzi mwenye kamba, kiunzi cha miti minne, chungio na daftari aweza kuianza kazi hiyo bamvua lijalo, na mama aliyeokota kombe miaka thelathini atakuwa mwalimu wake wa kwanza, kwani yeye alijua majina ya wenyeji hao kabla daftari halijafunguliwa.