Mashine ya CNC Iwekewe Mipaka Kabla ya Kukata Mbao
Wanafunzi wa useremala katika vyuo vya ufundi wanakumbushwa kuwa mashine ndogo ya CNC, inapowashwa, haijui kichwa chake kiko wapi. Ikikosa mipaka, inaweza kugonga fremu, kuvunja kisu na kuharibu mbao.

Kwa mashine ya GRBL yenye swichi za mwisho, fundi huweka $22=1, kisha hutuma $H. Kichwa hupanda kwanza, halafu huenda pembeni hadi kiguse swichi. Mwendo wa kila upande hupimwa kwa milimita na kuandikwa kwenye $130, $131 na $132. Hatimaye huwekwa $20=1, ili amri inayozidi kipimo isimamishe kazi.

Stima ikipotea na kurudi, $H irudiwe kabla ya kuendelea.