Nguo za Watoto kutoka Nguo Kuukuu



Katika nyumba nyingi za wakulima mahindi huuzwa mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, ili watoto wapate nguo. Kisha miezi ya njaa ikifika, mahindi kama hayo hununuliwa dukani kwa bei ya juu. Na katika nyumba ileile iliyouza chakula chake, mara nyingi shati la baba limekuwa tambara la kufutia baiskeli, na kanga ya mama yashikia sufuria. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuzikagua, kuzikata na kuzishona nguo kuukuu ziwe nguo njema za watoto, ili chakula kibaki ghalani. Cherehani si lazima. Sindano, uzi, mkasi, wembe wa kufumulia mishono na utepe wa kupimia vyatosha.

1. Nguo haifi yote siku moja

Mkulima huijua sehemu ya shamba lake iliyochoka, wala haliachi shamba zima kwa ajili ya sehemu hiyo. Nguo nayo ni vivyo hivyo. Shati huchakaa kwanza ukosini, kwenye ncha za mikono, viwikoni na kwapani. Lakini mgongo, na sehemu ya chini iliyofichwa ndani ya suruali, huwa nzima bado. Suruali huchakaa makalioni na magotini, lakini kitambaa kilicho chini ya goti huwa na nguvu. Kanga huchakaa katikati na kwenye pembe za kufungia, ilhali sehemu za kando hudumu. Basi mtu akisema, "Nguo hii imekufa," mwulize, "Imekufa wapi?"

Ili kuijua sehemu iliyo hai, fanya mambo mawili. Kwanza, inyanyue nguo mbele ya jua. Palipochoka mwanga utapenya zaidi. Pili, shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, ukivute kwa nguvu, kwanza kwa kufuata nyuzi za mtande, kisha kwa kufuata nyuzi za mshindio. Kikilegea au kikitatuka, hapo kimekufa. Zungushia sehemu iliyo hai alama kwa kipande kikavu cha sabuni, ambacho huandika vema juu ya nguo, na alama yake hutoka kwa maji. Usikishone kitambaa kilichokufa, kwa kuwa uzi mpya una nguvu kuliko kitambaa hicho, nao utakikata siku ya kwanza mtoto atakapopanda mti.

Wakulima wa pamba wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu waijua thamani ya jambo hili. Katika kila kilo 100 za pamba yenye mbegu, nyuzi zitokazo kiwandani ni kilo 33 hadi 40 tu. Shati la pamba lenye uzito wa gramu 200 limekula zaidi ya nusu kilo ya pamba iliyochumwa kwa mkono. Anayelichoma shati lililo nusu hai achoma mazao ya shamba.

2. Kukijua kitambaa

Si kila kitambaa chafaa kwa mtoto. Chomoa nyuzi mbili au tatu, uzishike kwa kibano, uziwashe moto mbali na nguo na mbali na watoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, na majivu yake ni laini. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Uzi wa nailoni na wa jamii yake huyeyuka, ukabaki kama shanga ngumu. Nguo ya namna hii ya mwisho ikishika moto huyeyuka na kuganda juu ya ngozi; kwa hiyo usimvike mtoto anayecheza karibu na mafiga. Pamba nayo huwaka. Basi nguo ya mtoto isiwe pana mno wala yenye ncha zinazoning'inia.

Kuhusu magunia, shika onyo hili. Mfuko wa pamba uliokuwa na unga au sukari waweza kufuliwa na kushonwa. Lakini mfuko uliokuwa na dawa ya wadudu, dawa ya magugu, au mbegu zilizotiwa dawa, usishonwe nguo kamwe, hata ukifuliwa mara kumi. Sumu huingia ndani ya nyuzi, na ngozi ya mtoto huifyonza.

3. Kufua na kufumua

Nguo yoyote, iwe ya baba au ya mtumba, ifuliwe kabla ya kukatwa. Nguo ya pamba ichemshwe. Chawa wa mwili hutaga mayai yao ndani ya mishono, na maji ya moto huwaua.

Ikisha kukauka, fumua mishono kwa wembe badala ya kuichana kwa mikono. Weka akiba ya vifungo, zipu na mpira wa kiuno, kila kitu katika kopo lake. Kisha nyoosha vipande kwa pasi.

4. Gauni la mtoto kutoka shati la baba

Mpime mtoto vipimo viwili: mzunguko wa kifua, na urefu kutoka begani hadi gotini. Tuseme kifua ni inchi 22. Nusu yake ni 11. Ongeza inchi 2 ili apumue na kucheza, na inchi 1 kwa mishono ya pande mbili. Jumla ni 14, na huo ndio upana wa kila kipande, mbele na nyuma. Mgongo wa shati la mtu mzima kwa kawaida huwa na inchi 20 au zaidi, basi nafasi ipo. Kwa urefu, ukiwa ni inchi 20, ongeza nusu inchi ya mshono wa bega na inchi 3 za pindo.

Ondoa ukosi na mikono, ukate mishono ya ubavuni na ya mabega. Funga vifungo vyote vya mbele. Laza kipande cha mbele juu ya cha nyuma, uvishikize pamoja kwa bandi ili visiteleze. Bega la gauni liwe pale kitambaa kizima kinapoanza, na shingo ikae mahali ambapo kifungo kimoja kitaangukia chini yake kidogo. Hivyo vifungo vya baba na matundu yake vitatumika tena, na kazi ya kutoboa matundu mapya haipo.

Chora shingo yenye upana wa inchi 5. Kina chake kiwe inchi 1 nyuma na inchi 2 na nusu mbele. Kila bega libaki na inchi 3. Kina cha tundu la mkono kiwe robo ya kifua, yaani inchi 5 na nusu katika mfano wetu. Kata kwa mkasi mkali. Shona mabega, kisha ubavu, kwa kurudisha sindano nyuma kila mshono, mishono isipungue 8 katika inchi moja. Mshono wa bandi peke yake hautoshi, maana uzi ukikatika mahali pamoja wote huachia.

Shingo na matundu ya mikono yazungushiwe utepe uliokatwa hanamu kutoka mikono ya shati, wenye upana wa inchi 1 na nusu. Utepe wa hanamu huvutika na kuifuata duara. Uliokatwa kwa kufuata uzi hukunjamana. Kwa mtoto mchanga usitie vifungo vidogo, kwa sababu huvitia kinywani, wala usitie kamba ndefu shingoni.

5. Kaptula kutoka suruali

Kila mguu wa suruali, chini ya goti lililochakaa, hutoa upande mmoja wa kaptula. Fumua mshono wa ndani tu, uache ule wa nje. Laza kitambaa, sehemu iliyo pana iwe juu, upande wa kiuno.

Mpime mtoto akiwa ameketi juu ya kigoda, kutoka kiunoni hadi kigodani, uongeze inchi 1 ya nafasi na inchi 1 ya kupitishia mpira. Hiki ndicho kina cha kaptula hadi mapajani. Juu ya alama hiyo kata duara pande zote mbili: upande wa mbele uondoe inchi 1 na nusu, na upande wa nyuma inchi 2. Upande wa nyuma wahitaji duara kubwa ili mtoto aweze kuinama pasipo kupasuka. Baada ya kukata, pima tena: pande zote mbili zikiunganishwa zizidi mzunguko wa nyonga kwa inchi 3 au 4.

Sasa shona mshono wa ndani wa kila mguu peke yake. Geuza mguu mmoja, uuingize ndani ya mwingine, nyuso njema zikielekeana, ushone duara lote kwa mara moja, kisha ulirudie mara ya pili. Hapo ndipo kaptula zote hupasuka.

6. Nafasi ya kukua

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita huongezeka urefu wa inchi 2 na nusu hivi kwa mwaka. Nguo iliyoshonwa barabara kwa mwili wake wa leo itamshinda kabla ya mavuno mawili. Kwa hiyo pindo la gauni liwe la inchi 3, likishikizwa kwa mishono myepesi. Tena kunja rinda moja la inchi 1 kwa ndani, juu ya pindo, ulishone kwa bandi. Mwaka ujao utalifumua. Kila unaposhusha pindo, funika mstari wa zamani kwa utepe wa rangi, na nguo itaonekana mpya.

7. Kiraka

Kiraka kizuri hutangulia tundu. Uonapo kitambaa kimekuwa chembamba, kitie nguvu kwa ndani kabla hakijatoboka. Kiraka kifike hadi kwenye kitambaa kilicho hai pande zote, na mtande wake ufuate mtande wa nguo. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kwanza, kwa sababu hujikunja majini, na kikijikunja juu ya nguo kuukuu huivuta na kuipasua.

8. Kuanika na kupiga pasi

Katika nchi zetu za joto yuko nzi ambaye hutaga mayai yake katika mchanga wenye kivuli na katika nguo zenye unyevu. Funza wakitoka mayaini hungoja ngozi ya mtu, wakaingia ndani yake na kufanya jipu. Watoto wachanga huteseka sana kwa ajili yao. Basi anika nguo juu ya kamba, katika jua kali, wala usizitandaze chini au majanini. Zikikauka, zipigwe pasi ya moto ndani na nje, hasa mishono na mapindo, kwa kuwa moto huyaua mayai hayo.

9. Usione haya

Wako wasemao kwamba kumvika mtoto nguo iliyogeuzwa ni alama ya ufukara. Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iligawa nguo kwa kipimo kutoka Juni 1941 hadi Machi 1949, na mwaka 1943 ikatoa kitabu cha kuwafundisha watu wake kushona upya na kutia viraka. Matajiri na maskini waligeuza makoti yao. Tena kushona si kazi ya wanawake peke yao. Tazama barazani mwa maduka ya mjini, uone wanaume wangapi wameketi mbele ya cherehani. Baba anayejua kushona pindo hapunguzi heshima yake, naye humpumzisha mkewe wakati wa palizi.

10. Mabaki

Vipande vidogo viunganishwe kuwa shuka la mtoto. Kanga iliyolainika sana hufaa kwa winda la mtoto mchanga kuliko nguo mpya. Mabaki ya pamba yasiyofaa kitu, yakatwe vipande vidogo na kutiwa katika shimo la mboji, nayo yataoza pamoja na majani. Ya nailoni usiyatie, kwa kuwa hayaozi.

Anza na shati moja, mvua zikikuzuia kwenda shambani. Likikamilika, hesabu bei ya gauni la namna hiyo sokoni, kisha hesabu ni madebe mangapi ya mahindi yangeuzwa ili kulinunua. Hayo ni mahindi ambayo watoto wako watakula.