Daraja la Redio kwa Simu za Waya

Simu ya mezani inayoonekana leo katika ofisi nyingi ina umbo lile lile lililofahamika kwa wazee: mkonga, vitufe vya namba, na waya unaopotelea ukutani. Lakini ndani yake mambo yamebadilika kabisa. Chombo hicho ni kompyuta ndogo. Huikata sauti ya msemaji vipande vipande, huvigeuza vipande hivyo kuwa tarakimu, kisha huvituma katika waya ule ule unaotumiwa na kompyuta za ofisi kwa ajili ya intaneti. Ndiyo maana huitwa simu ya intaneti. Ubora wake ni mwingi, ila nyingi zina kasoro moja: hazikuwekewa redio ndani yake. Zina tundu la waya tu, na mahali usipofika waya, simu hiyo ya thamani haizidi kopo tupu.

Chukulia mfano wa shule ya sekondari ya bweni. Intaneti imefika katika ofisi ya mkuu wa shule, na simu mbili tatu zinafanya kazi vizuri hapo. Zahanati ya shule iko ng'ambo ya uwanja wa mpira, umbali wa mita 200. Mwanafunzi akishikwa na homa kali usiku wa manane, muuguzi hana budi kumtuma mtu na tochi kwenda kumwamsha mwalimu wa zamu. Waya wa shaba wa mtandao wa kompyuta umepimwa kufanya kazi hadi mita 100 tu. Zaidi ya hapo ni lazima pawe na kifaa cha kuutia nguvu katikati, jambo lisilowezekana katikati ya uwanja wa mpira. Tena waya mrefu uliotandazwa nje una maadui wawili: wezi wa shaba, na radi, ambayo ikipiga karibu huingiza umeme katika waya na kuunguza vifaa vya ncha zote mbili.

Yamkini mtu atauliza kama simu ya mkononi haitoshi. Mara nyingi inatosha. Hata hivyo simu ya mkononi ni ya mtu, naye huondoka nayo. Simu ya mezani ni ya mahali. Anayepiga namba ya zahanati anaitafuta zahanati, si muuguzi ambaye leo yuko likizoni.

Dawa ya tatizo hili ni kifaa kidogo, aghalabu kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, kiitwacho daraja la redio. Upande mmoja kina tundu la waya, na huko ndiko simu huchomekwa. Upande mwingine kina redio ya Wi-Fi, na huko huzungumza na kituo cha redio kilichounganishwa na intaneti. Simu haijui kwamba waya wake umekatika njiani na kuwa mawimbi.

Fikra hiyo si ngeni. Mwezi Juni mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianza kuendesha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha vituo vilivyotawanyika na kompyuta kubwa ya chuo kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde. Mashine za kuandikia zilizotumika vituoni hazikujua lolote kuhusu redio. Kati ya kila mashine na eriali yake waliweka kisanduku kilichopokea herufi kutoka katika waya, kikazifunga kuwa pakiti, na kuzirusha hewani. Kisanduku hicho ndicho babu wa daraja la leo.

Tatizo lililowakabili watu wa Hawaii bado lipo. Hewa ni moja, na wawili wakisema kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika. Katika ALOHAnet kila kituo kilisema kilipotaka, na pakiti zilipogongana zilirudiwa baadaye. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo haiwezekani kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia. Wi-Fi ina adabu zaidi: kila redio husikiliza kwanza, hungoja kitambo kidogo cha kubahatisha, ndipo hutuma; naye mpokeaji hurudisha ishara fupi ya kukiri kwamba amepata. Adabu hii ina gharama, na gharama yenyewe huilemea sauti kuliko kitu kingine chochote, kama hesabu ifuatayo inavyoonyesha.

Katika utaratibu wa kawaida, simu huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde. Simu haitumi kila kipimo peke yake, bali hukusanya sauti ya milisekunde 20, yaani baiti 160, na kuifunga katika pakiti moja. Juu ya pakiti huandikwa anwani na maelezo mengine ya safari, baiti 40. Basi kila sekunde hutoka pakiti 50 zenye baiti 200 kila moja, nazo nyingine 50 huja kutoka upande wa pili. Kwa jumla mazungumzo mamoja hutumia biti 160,000 kwa sekunde.

Wi-Fi iliyotolewa mwaka 1999 ilikuwa na mwendo wa biti milioni 11 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya atapata kwamba njia hiyo yaweza kubeba mazungumzo 68. Jibu hilo ni sahihi kwa hesabu na ni kosa kwa fizikia. Kuzituma baiti 200 kwa mwendo huo huchukua milisekunde 0.15 hivi, lakini kusikiliza, kungoja, kutoa salamu ya mwanzo na kusubiri ishara ya kukiri hufanya jumla ikaribie milisekunde 1. Pakiti 100 za mazungumzo mamoja hula basi karibu sehemu moja ya kumi ya kila sekunde, na njia nzima hujaa kwa mazungumzo kumi hivi. Mfano wake ni lori linalobeba gunia moja kila safari: kuliongezea mwendo lori hakusaidii sana ikiwa muda mwingi hupotea getini. Vifaa vya leo vina mwendo mkubwa mara nyingi zaidi, lakini muda wa getini haukupungua kwa kiasi hicho hicho.

Kwa zahanati yenye simu moja, kumi ni nyingi mno. Hatari iko kwingine: wanafunzi arobaini wakitazama picha za video kupitia kituo kile kile, pakiti za simu husimama foleni pamoja nazo. Sauti haivumilii foleni. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano limependekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio. Ikizidi sana hapo, wasemaji huanza kukatizana. Tena ucheleweshaji wenyewe hubadilika, pakiti moja ikiwahi na nyingine ikikawia. Kwa hiyo simu huwa na akiba ndogo, kama pipa la maji la nyumbani: bomba hutoa maji kwa vipindi, lakini anayechota pipani huyapata wakati wote. Pipa likiwa dogo, hukauka na sauti hukatika. Likiwa kubwa, sauti hukawia. Tangu mwaka 2005 umekuwapo utaratibu wa kuipa sauti haki ya kutangulia hewani, lakini pande zote mbili za daraja sharti ziwashiwe utaratibu huo. Wafungaji wengi husahau, kisha huilaumu simu.

Kuna jambo jingine linalowasumbua hata mafundi wazoefu, nalo ni anwani. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya pekee, ya biti 48, kilichopewa kiwandani. Katika waya, pakiti hutaja namba ya mtumaji na ya mpokeaji tu. Katika Wi-Fi, pakiti inayokwenda kituoni ina nafasi tatu: kituo kinachoipokea, redio inayoirusha, na kifaa inakokwenda hatimaye. Hakuna nafasi ya nne kwa ajili ya mtumaji asiyekuwa redio inayorusha. Simu iliyo nyuma ya daraja ndiye mtumaji wa namna hiyo, na kituo hakiwatambui ila waliojiandikisha kwake.

Madaraja mengi madogo hukwepa kizuizi hicho kama karani wa shule anayetia sahihi barua za watu wengine kwa jina lake, naye huweka daftari la kukumbuka jibu lipi ni la nani. Daraja huondoa namba ya simu na kuweka yake. Jibu likirudi, hutazama anwani ya intaneti, hurejesha namba ya simu, na kulipitisha. Kwa simu moja hila hii hufanya kazi vizuri. Zikiwa tatu au nne, yategemea ukubwa wa daftari, na yako madaraja ya bei ndogo yenye daftari la mstari mmoja tu: simu ya kwanza huita, ya pili hunyamaza, na fundi hushinda akibadilisha waya zisizo na kosa. Kadhalika simu inapowashwa huomba anwani ya intaneti, na ndani ya ombi huandika namba yake halisi. Mtoaji wa anwani akijibu kwa namba hiyo, kituo hakiijui, na jibu hupotea. Kioo cha simu huendelea kuonyesha kwamba anwani inatafutwa, hata kama redio inasikika vizuri. Daraja jema huligeuza ombi ili jibu litangazwe kwa wote. Njia ya pili ni kutumia pakiti zenye nafasi nne, lakini sharti kituo na daraja vikubaliane. Kwa hiyo ni busara kununua viwili vya aina moja.

Ama kuhusu njia ya mawimbi, daraja dogo lenye eriali ya ndani hutosha kwa makumi ya mita. Kuvuka uwanja mzima kunahitaji jozi yenye eriali za kuelekeza zilizofungwa nje. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, nalo halisafiri kama uzi mwembamba bali hujaza nafasi yenye umbo la yai refu. Kwa umbali wa mita 200, yai hilo katikati lina nusu kipenyo cha mita 2.5. Eriali ikifungwa mita 1 kutoka ardhini, sehemu kubwa ya yai imezikwa uwanjani, ingawa macho yanaona ng'ambo bila kizuizi. Mita 3 au 4 ni salama. Mabati huyarudisha mawimbi. Wavu wa waya wa kuzuia mbu nao huyazuia, kwa kuwa matundu yake ni madogo mno kuliko urefu wa wimbi. Nenosiri lenye nguvu ni la lazima, kwani maneno ya mgonjwa yanapita hewani.

Jambo la mwisho ni umeme, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Simu za zamani zilipokea volti 48 kutoka katika betri za mtambo wa simu, zikafanya kazi hata mji mzima ulipokuwa gizani. Simu ya intaneti iliyo katika waya yaweza kupata volti zinazokaribia hizo kutoka katika swichi ya ofisi, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2003. Daraja haliwezi kuupitisha umeme huo hewani; simu huhitaji adapta yake. Simu na daraja pamoja zikitumia wati 7, kwa saa 12 hutumia wati-saa 84, kiasi ambacho betri ya volti 12 na ampea-saa 20 yaweza kukitoa bila kufika nusu ya akiba yake. Lakini kituo na ruta ya ofisini navyo vyataka betri, la sivyo zahanati itakuwa na taa na haitakuwa na simu. Huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji wakisaidiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walijenga mtandao wa simu za redio majumbani mwao, wakauendesha kwa nguvu ya jua; betri zile zile zilichaji simu za mkononi za majirani.

Kabla ya kuikabidhi simu kwa muuguzi, wanafunzi wanaweza kuchomeka kompyuta mahali pake na kutuma pakiti za baiti 200, 50 kila sekunde, kwa dakika 5. Hizo ni pakiti 15,000. Zikipotea zaidi ya 150, kuna kasoro ya kutafutwa. Jaribio lifanywe saa kumi jioni, wakati shule nzima iko katika intaneti, kisha lirudiwe siku ya mvua, majani ya miembe yakiwa yamelowa.