Fahamu: Kwa nini kompyuta inashika Wi-Fi lakini intaneti haipatikani?

Alama ya Wi-Fi imejaa, lakini kurasa hazifunguki. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya kompyuta na ruta tu. Intaneti yenyewe huifikia ruta kwa njia nyingine: waya, mnara wa simu au setilaiti. Ndiyo maana Wi-Fi inaweza kuwa nzima huku intaneti imekatika.

Kasoro iko wapi?

Unganisha simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ukiwa umezima data. Simu nayo ikigoma, angalia ruta, kifurushi au mtoa huduma. Ikifungua kurasa, shida iko kwenye kompyuta.

Kwenye ruta

Chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, chomeka tena. Ipe dakika chache iwake kikamilifu.

Kwenye kompyuta

- Futa mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi, kisha ingiza nywila upya.
- Tazama anwani ya IP. Ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta.
- Kagua tarehe na saa. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, tovuti nyingi hukataa kufunguka.

GHz 2.4 au 5?

Mawimbi ya Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 hufika mbali, ila huvurugwa na oveni ya maikrowevu na ruta za majirani. Ya GHz 5 yana kasi zaidi, lakini kuta huyadhoofisha upesi. Weka ruta juu, mahali pa wazi, si nyuma ya televisheni.